Kaptula Iliyotoka Kongwa

Mwezi uliopita nilisimama mbele ya duka moja la nguo mjini Dodoma nikiangalia suruali ya jinzi iliyovalishwa sanamu dirishani. Magotini ilikuwa na viraka viwili, kimoja cha kitenge na kingine cha kitambaa chekundu, vimeshonwa kwa uzi mweupe mnene ili hata mpita njia mwenye haraka avione. Nikaingia kuuliza bei. Sh. 85,000. Nadhani uso wangu ulinisaliti, maana kijana wa duka alinihakikishia haraka: "Mpya kabisa hiyo, mzee. Viraka vimewekwa makusudi."

Makusudi! Nilipanda gari ya kurudi Hombolo na neno hilo kichwani. Mimi nimewahi kuvaa viraka viwili vya rangi tofauti, mwaka 1983, nikiwa darasa la nne, na hakuna aliyeniuliza bei. Tena havikuwa magotini. Vilikuwa nyuma, pale mtu anapokalia, duara mbili sambamba, na wenzangu wakazipa jina: miwani. Nikipita mbele yao wanasema, "Jamani, tukae vizuri, mwenzetu anatutazama."

Basi leo naomba niandike historia ya kiraka. Ukisoma vitabu, historia ya mavazi kwetu ni historia ya nguo mpya: merikani iliingia lini, kanga ilianzia wapi, kiwanda gani kilifunguliwa mwaka gani. Forodha zilihesabu majora yaliyoshushwa bandarini. Hakuna aliyehesabu viraka. Lakini watu wengi, kwa miaka mingi, hawakuvaa nguo mpya. Walivaa nguo iliyotengenezwa upya, ikatengenezwa tena, mpaka ikaisha. Historia hiyo haiko kwenye makabati ya nyaraka. Kwa upande wangu ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, ukutani kwa bibi.

Nguo ilipokuwa fedha

Tuanze mbali kidogo. Katika karne ya 19, misafara mingi iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo. Baada ya Mpwapwa ilivuka pori kavu la Marenga Mkali, ikaingia Mvumi na kuendelea magharibi. Hombolo iko kaskazini ya njia hiyo. Ugogo ni nchi ya maji machache, na katika nchi ya namna hiyo mwenye kisima ndiye mwenye njia. Watemi wa Kigogo walitoza hongo, na hongo ililipwa kwa nguo. Richard Burton, aliyepita mwaka 1857, na Henry Morton Stanley, aliyepita 1871, wote wawili waliandika manung'uniko marefu juu ya hongo hiyo. Ukiyasoma leo unacheka peke yako: mgeni anakunywa maji ya watu katika nchi ya ukame, halafu anashangaa kudaiwa.

Nguo hiyo ilikuwa na hesabu zake. Mkono ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka moja, yaani yadi mbili. Shuka mbili ni doti. Vitambaa vikubwa vya biashara vilikuwa viwili. Kulikuwa na merikani, pamba isiyopaushwa iliyofumwa kwenye viwanda vya kaskazini-mashariki mwa Marekani na kuletwa Unguja na meli za wafanyabiashara wa Salem. Na kulikuwa na kaniki, nguo ya buluu iliyokolea mpaka inakaribia weusi, iliyotiwa nili huko India. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilipovuruga biashara ya pamba, kitambaa cha Uingereza na baadaye cha Bombay kikaingia kuziba pengo. Watu hawakujisumbua kubadili jina. Merikani ikabaki merikani hata ilipokuwa ya Mhindi.

Sasa fikiria nchi ambayo kipande cha kitambaa kinanunua mtama, kinamlipa mpagazi, na kinafungua kisima. Katika nchi hiyo nani atatupa nguo eti kwa sababu imechanika? Doti iliyotoboka inashuka thamani kwenye mizani ya mfanyabiashara, lakini kwenye mwili wa mtu bado inasitiri. Nilipoelewa hivyo ndipo nilipomwelewa bibi yangu, ambaye zaidi ya miaka 100 baada ya Stanley alikuwa bado anapima kitambaa kwa mkono wake, kiwiko hadi kidole, wakati fundi amesimama pembeni na tepu shingoni.

Leso sita

Lakini uhaba peke yake hauelezi kila kitu. Huko pwani, merikani na kaniki zilikuwa ndiyo mavazi ya watumwa. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake *Pastimes and Politics* kilichotoka mwaka 2001, ameeleza jinsi watu wa Unguja walivyobadili mavazi wakati utumwa ukifikia mwisho. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria huko mwaka 1897. Aliyekuwa mtumwa jana hakutaka kuonekana leo akiwa ndani ya nguo ya jana.

Hapo ndipo inapoingia kanga. Simulizi inayojulikana zaidi ni hii: wanawake wa pwani walinunua leso, vile vitambaa vya mkononi vilivyouzwa vikiwa bado vimeungana kwenye jora. Badala ya kukatiwa kimoja kimoja, walikata vitatu vitatu, wakashona safu mbili pamoja, wakapata vazi moja pana la leso sita. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa kipande kimoja kwa mtindo huohuo. Mombasa mpaka leo wanaiita leso.

Sisi tunaopenda fasihi tumeandika sana juu ya maneno ya kanga. Mshono wa kwanza tumeusahau. Kabla kanga haijawa na jina, ilikuwa kazi ya kuunga. Mtu alichukua kitu cha kufutia jasho, akakitia sindano, kikawa vazi la kutokea. Huo haukuwa ufukara. Alikuwa anakataa kusomwa leo kama alivyosomwa jana.

Kaniki nayo ilikuja bara ikapata maisha mengine. Nguo ileile iliyodharauliwa pwani, Ugogo ikawa vazi la heshima la mwanamke, na hata leo kwenye ngoma za Wagogo utaiona. Bibi alikuwa nazo mbili, moja ya kutokea na moja ya kazi. Kila alipobahatika kupata mpya aliiloweka kwenye beseni moja na ile iliyopauka. Kaniki mpya huchuja sana, na yeye hakutaka rangi ile imwagwe bure. "Hii ina maji ya kumwaga," alikuwa anasema, "na ile ina kiu." Kesho yake ile ya zamani ilianikwa ikiwa imekolea, na jirani asiyejua angedhani ameletewa mbili.

Watu walipokula nguo zao

Mwaka 1916 vita vya Wazungu vilifika Dodoma. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikagoma. Kilichofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo wanakiita Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza njaa hiyo, anataja watu 30,000 waliokufa kati ya Wagogo wapatao 150,000. Mmoja kati ya watano.

Bibi alizaliwa baada ya Mtunya, lakini mama yake alikuwa ameipita, na kutoka kwake alirithi sentensi moja ambayo nimeisikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu: "Mwaka ule tulikula nguo." Nikiwa mtoto niliichukua kama ilivyo, nikawaza watu wanatafuna kaniki. Baadaye ndipo aliponifafanulia. Familia ilikuwa na shuka kadhaa zilizohifadhiwa kwa ajili ya mahari na mazishi, zikatoka moja baada ya nyingine kwenda kubadilishwa kwa mtama. Waliobaki hai walibaki na nguo moja moja, na hiyo moja ilishonwa na kushonwa mpaka huoni tena kitambaa cha awali kiko wapi.

Mathias Mnyampala, ambaye wengi wetu tunamjua kwa ushairi na ngonjera, alizaliwa Muntundya, karibu na Ihumwa, mwaka 1917. Kwa hiyo yule aliyekuja kutuandikia *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*, kitabu kilichotoka 1954, alikuwa mtoto mchanga wa mwaka wa njaa. Kila ninapopita njiapanda ya Ihumwa huwa nawaza: alifungwa mgongoni kwa nguo gani?

Koti la Kongwa

Babu yangu alikwenda Kongwa mwaka 1948, kwa miguu. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeanzisha mwaka uliotangulia ule mradi mkubwa wa karanga, uliokusudiwa kuwapatia Waingereza mafuta ya kula baada ya vita. Tunajua ulivyokwisha. Ardhi ilikuwa ngumu kama saruji, mvua ikawa ileile ya Ugogo, na mwanzoni mwa 1951 mradi ukavunjwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30.

Watu husahau kwamba mradi ule wenyewe uliendeshwa kwa viraka. Mashine mpya zilikuwa adimu baada ya vita, kwa hiyo waliokoteza mabaki ya jeshi. Hata vifaru vya Sherman viling'olewa mizinga, vikageuzwa kuwa matrekta ya kung'oa visiki. Babu alipata koti la kaki, la jeshi vilevile, lenye mifuko minne na vifungo vya kaki. Halikuwa jipya. Lilikuwa na tundu dogo begani, limezibwa kwa mkono wa mtu ambaye hatumjui, kwa uzi wa kijani. Mtu huyo ndiye fundi wa kwanza katika historia hii.

Huko Uingereza kwenyewe, kuanzia 1941 hadi 1949, nguo zilinunuliwa kwa kuponi. Mwaka 1943 serikali yao ilitoa kijitabu cha kuwafundisha wananchi kutia viraka, kugeuza kola na kufumua sweta kuukuu ili wafume jipya. Babu hakuwa na habari. Alimwona bwana mkubwa wa Kongwa amevaa soksi ndefu nyeupe, akaamini watu wale hawajui kiraka. Kumbe inawezekana mama wa bwana yule alikuwa kwao amekaa jikoni, anageuza kola kama bibi yangu.

Mradi ulipokufa babu alirudi Hombolo bila karanga, na koti. Alilivaa miaka 28. Alilivaa bwawa letu lilipochimbwa mwaka 1957, akalivaa siku ya Uhuru, akalivaa tulipohamishiwa kwenye kijiji cha pamoja. Viwiko vilipokwisha alitia ngozi ya mbuzi. Pindo lilipofumuka alishona mwenyewe kwa uzi wa gunia. Kila mtu Hombolo alilijua koti lile. Ukiliona kwa mbali unasema "mzee anakuja" kabla hujaona uso. Alipofariki mwaka 1979, bibi alilifua, akalitundika kwenye msumari.

Mwaka wa miwani

Vijana wa sasa huwaambii wakaamini hali ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, vita vya Kagera vilikuwa vimekula hazina, mafuta yamepanda bei. Tulikuwa na viwanda vya nguo, na Urafiki pale Dar es Salaam, kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China, lilikuwa jina kubwa. Lakini kiwanda bila vipuri na umeme wa uhakika ni jengo tu. Kwenye duka la ushirika la kijiji rafu zilikuwa tupu. Kanga zikija ni za kugawiwa, balozi wa nyumba kumi na orodha yake mkononi, na foleni watu wamewekea mawe usiku ili yawashikie nafasi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine aliendesha msako wa wahujumu uchumi. Kitambaa cha kaki cha sare za shule kilibaki kuwa hadithi.

Ndiyo maana kaptula yangu ikawa na miwani. Na ndiyo maana mtu muhimu kuliko wote pale kijijini alikuwa fundi mmoja mzee aliyekaa chini ya mwarobaini na cherehani yake ya Butterfly. Alikuwa hashoni nguo, kwa maana ya kukata kitambaa kipya. Alikuwa anafufua. Nilikaa kwenye benchi lake saa nyingi, na alichofanya nakikumbuka kimoja kimoja.

Kola ya shati ikichanika kwenye mkunjo, aliifumua yote, akaigeuza, upande wa ndani ukawa wa nje, shati likapata miaka miwili mingine. Shuka la kitanda likichakaa katikati, alilichana katikati palepale, akaunganisha kingo ambazo zilikuwa bado imara, sehemu iliyochakaa ikawa pembeni. Gauni la mtoto aliyerefuka alilishusha pindo, na ule mstari wa rangi ya zamani unaobaki aliufunika kwa utepe, kama vile ulikuwa umepangwa tangu mwanzo. Kanga mbili zilizokwisha nusu aliziunga zikawa moja. Suruali ilishuka kuwa kaptula, kaptula ikashuka kuwa mfuko wa daftari. Vifungo havikuondoka na nguo. Vilikatwa vikaingia kwenye kopo la Africafe, na kila nyumba ilikuwa na kopo lake. Kilichoshindikana kabisa kilikuwa kata ya kichwani ya kutekea maji bwawani, halafu kishikio cha sufuria, halafu dekio. Hapo ndipo nguo ilipokuwa imekufa. Si kabla.

Nilipolia kwa ajili ya miwani kwa siku ya tatu, bibi alinyamaza, akainuka, akalitoa koti kwenye msumari.

Fundi alilikagua muda mrefu. Kwa nje kaki ilikuwa imepauka karibu na kuwa nyeupe. Akalifumua mshono mmoja, akatuonyesha ndani: rangi ilikuwa hai, kahawia kama udongo wa Hombolo baada ya mvua. Jua la miaka 28 halikufika kule. "Tunaligeuza," akasema. Jioni ile nilikuwa na kaptula ambayo ungedhani imetoka kiwandani. Ungejua siri yake kwa jambo moja tu: karibu na mfuko wa kulia palikuwa na tundu la kifungo lililozibwa, lisilo na kazi yoyote. Na kiunoni, ukitazama sana, palikuwa na uzi wa kijani.

Niliringa wiki moja. Halafu mvulana wa darasa la sita akaliona lile tundu la kifungo, akauliza kwa sauti, mbele ya mstari wote wa asubuhi: "Hilo si koti la babu yako? Umemvaa marehemu?"

Siku hiyo, kabla ya kufika nyumbani, nilipita bwawani, nikaivua ile kaptula, nikaifukia chini ya mawe. Nikarudi na kaptula ya miwani niliyokuwa nimeificha mfukoni mwa daftari. Nikamwambia bibi kwamba nilikuwa naogelea, maji yakaichukua.

Nilisahau jambo moja, kwamba kila mtu Hombolo alilijua koti lile. Baada ya siku mbili mchunga mbuzi alifika uani, amebeba kaki yenye matope. "Bibi, hii si nguo ya mzee? Nimeiona kwenye mawe." Bibi alishukuru, akaipokea, akaifua. Hakunichapa, hakunisema. Aliikunja akaiweka chini kabisa ya sanduku lake, na mimi nikavaa miwani mpaka mwisho wa mwaka.

Kafa Ulaya

Mambo yalianza kulegea mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Mwaka uliofuata akaingia Rais Mwinyi, Mzee Rukhsa, na nguo za mitumba zikaanza kumiminika. Siku belo la kwanza nililoliona mimi lilipofunguliwa kwenye gulio letu, watu walisukumana mpaka wengine wakaanguka. Zilikuwa na jina lao: kafa Ulaya. Watu waliamini kabisa kwamba ni nguo za Wazungu waliokufa, na waliamini huku wakizichagua. Mimi nilipata koti la jinzi, mifuko miwili kifuani. Nililivaa nyumbani nikizunguka uani kama jogoo.

Bibi alikuwa anapepeta uwele. Akaniangalia kutoka juu hadi chini. "Mume wangu," akasema, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, "umependeza. Marehemu wetu ulimkataa. Huyu wa kwao, unamfahamu?"

Akaendelea kupepeta.

Nimesoma vitabu vingi juu ya mitumba tangu siku ile, na sijaona swali lililo zito kuliko hilo. Wachumi wanabishana, na wana haki ya kubishana. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo hizo hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za ushuru. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza msimamo, Rwanda ikashikilia wake, na mwaka 2018 nafuu ya nguo zake ikasimamishwa. Hayo ni mambo ya mikataba. Pale chini ya mwarobaini badiliko lilikuwa la namna nyingine. Kazi ya fundi wetu iligeuka. Watu hawakumletea tena nguo yao ili aifufue. Walimletea nguo ya mtu mwingine ili aipunguze. Mkono ulikuwa uleule, cherehani ileile, lakini nguo iliyopita mezani kwake ilikuwa haina historia na yeyote kijijini. Hakuna mchunga mbuzi ambaye angeiokota na kusema, hii si nguo ya mzee?

Sisemi mitumba ni mibaya. Ilitusitiri, na imesomesha watoto wa wauzaji wengi. Nasema tu kwamba nguo ilipokuwa nyingi, kitu fulani kilipungua, na kilichopungua hakikuwa kitambaa.

Kiraka cha hiari

Wale wanaofurahia jinzi ya Sh. 85,000 si wa kwanza kukifanya kiraka kuwa pambo. Sudan, katika miaka ya 1880, wafuasi wa Mahdi walivaa juba la viraka kama alama ya kuikataa dunia na anasa zake. Miaka haikupita mingi, viraka vya wakubwa vikawa vinakatwa kwa vipimo na kushonwa kwa mpangilio juu ya kitambaa kizima kisichokuwa na tundu. Kaskazini mwa Japani, ambako baridi haikuruhusu pamba kuota, wakulima walirundika viraka juu ya viraka kwa vizazi, wakiona aibu. Leo matambara hayohayo, yanayoitwa boro, yanatundikwa kwenye makumbusho.

Kwa hiyo sina ugomvi na kijana wa duka. Vijana wa Dodoma wanaotia kitenge kwenye jinzi iliyotoboka, wanaodarizi maua juu ya doa la mafuta, wanaokata shati la baba likawa gauni la mtoto, wanafanya kazi ya heshima, na mikono yao ina ujuzi. Ugomvi wangu ni na neno "makusudi", kana kwamba viraka vya zamani vilitokea kwa bahati mbaya. Mwanamke aliyeunga leso sita alifanya makusudi. Bibi aliyeloweka kaniki mbili beseni moja alifanya makusudi. Fundi aliyeligeuza koti aliona rangi mahali ambapo sisi tuliona nguo ya marehemu. Tofauti ni kwamba wao walijitahidi kiraka kisionekane, kwa sababu kikionekana kilisema, huyu hana. Leo kinaonyeshwa kwa sababu kinasema, huyu anazo za kutosha. Kinachobadilika si sindano. Ni nani anayetazama.

Bibi alifariki mwaka 1998. Tulipofungua sanduku nilitegemea kuikuta kaptula, na moyo ulikuwa unanidunda. Haikuwepo. Shangazi akaniambia ilikwisha zamani: ilikuwa mfuko wa chumvi, halafu ikawa kishikio cha sufuria, ikaungua pembeni, ikatupwa. Yaani iliishi mpaka mwisho wake, kama nguo nyingine zote. Nilitamani iwe imehifadhiwa kwa ajili yangu, lakini bibi hakuwa mtu wa kuweka kitambaa kikae bure kwa sababu ya majuto ya mjukuu.

Wiki iliyopita kiwiko cha koti langu la kazini kilitoboka. Nililipeleka gulioni, kwa kijana anayekaa karibu na pale ulipokuwa mwarobaini. Anatumia cherehani ya umeme. Akaligeuza, akalitazama ndani, jambo ambalo sikumwomba, nikafurahi. Akaniuliza, "Mzee, kiraka kionekane au kisionekane?"

Nilikaa kimya kidogo, maana katika maisha yangu yote sikuwahi kuulizwa hivyo. Kisha nikamwambia kionekane, na kama ana uzi wa kijani, atumie huo. Ilikuwa Sh. 2,000.